Mashine Zisizoangusha Kitu

Velda Unruh alikuwa akiziita wake wenza. Ukimuuliza mumewe yuko wapi, anakujibu, "Yuko bandani kwa bi mdogo," na kama humjui unaweza kushtuka, maana ni mama wa kanisani hasa, mvi zake kazibana kisogoni na mikono yake haiishi unga. Bi mdogo mwenyewe alikuwa sanduku la chuma jeusi, zito kama ndama, lililong'olewa kwenye ndege ya vita. Zamani lilikuwa na kazi moja tu: kupiga hesabu ya wakati hasa wa kuachilia bomu, ili liangukie pale lilipokusudiwa.

Galen, mumewe, alikuwa na masanduku kumi na manne ya namna hiyo, na darubini zake za kulengea, na nyaya, na makorokoro mengine ambayo sikuwahi kujua yanaitwaje. Mimi na mume wangu tulikaa kwenye nyumba ndogo ya uani kwao miaka mingi. Haya ninayoyasimulia mengine niliyaona kwa macho, na mengine alinipa Velda mwenyewe tukimenya viazi.

Mji wetu ni Blumental, Kansas, ambako ngano inaanzia mlangoni na upepo hauna siku ya mapumziko. Watu wake ni Wamennonite, Wakristo wenye asili ya Kijerumani ambao babu zao walihama kutoka Urusi, na kuna jambo moja hawalifanyii mzaha: hawaendi vitani. Baba yake Galen alitiwa gerezani kwa kukataa kuvaa sare. Galen mwenyewe alipoitwa jeshini aliomba kazi badala ya bunduki, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, akaogesha na kulisha watu wazima miaka miwili mizima. Hakunung'unika. Alisema kule ndiko alikojifunza kutokuwa na haraka.

Sasa mtu kama huyo alifikaje kwenye vyombo vya mabomu? Kwa mlango wa kuku. Alipotoka hospitalini alienda kwenye mnada wa shamba la jirani, akanunua sanduku kuukuu la jeshi kwa sababu aliambiwa ndani mna mota ndogo, na yeye alitaka mota ya kuzungusha chombo cha kulishia kuku. Baada ya vita vitu hivyo vilizagaa, wakulima walivinunua kama wanavyonunua misumari. Alipolifungua mota aliiona, lakini hakuing'oa. Aliona magurudumu yenye meno madogo kama ya panya, sahani za chuma zinazong'aa, na gololi inayotembea juu ya sahani inayozunguka. Gololi ikisogea upande huu hesabu inaongezeka, ikisogea upande ule inapungua. Ilikuwa kompyuta, ila ya zamani, ya kabla ya vioo na vitufe, inayofikiri kwa meno ya gia. Kuku walilishwa kwa mkono majira yote ya baridi.

Kazi yake ya kumpa mkate ilikuwa kutengeneza mashine za kuvunia ngano, na alisifika nayo mpaka wilaya ya pili. Lakini jioni alikuwa wa bandani. Kanisani kwetu watu huimba bila kinanda, kwa sauti nne, na Galen alikuwa wa besi. Masikio yake alikwenda nayo bandani. Aliniambia kila mota ina noti yake, huyu wa sauti ya tena, yule wa alto, na mashine ikianza kushuka sauti anajua beringi imekauka kabla haijakwama. Akiwasha mbili tatu kwa pamoja utamsikia naye anavuma chini yao, taratibu, amefumba macho.

Jambo hilo lilifika kanisani wakati vijana wa nchi walipokuwa wakipelekwa Vietnam. Tunayo desturi kwamba kabla ya Meza ya Bwana mashemasi wanapita nyumba kwa nyumba. Wanakaa, wanakunywa kahawa, wanauliza habari za ng'ombe, halafu wanauliza lililowaleta: Je, una amani na Mungu na jirani yako? Si swali la kujibiwa mbio mbio. Mwaka huo shemasi aliyekuja alikuwa Erwin Krehbiel, mtu mrefu mwenye maneno machache. Aliomba kuonyeshwa banda.

Velda anasema walikaa mle mpaka kahawa ikapoa mara mbili. Erwin hakugomba. Alimwambia Galen kwamba hawezi kumwamrisha atupe mali yake, lakini pia hawezi kumpa mkate na kikombe huku nyumbani kwake kuna kitu kilichoumbwa kuangushia watu moto, kizima, kinachosubiri. Neno hilo, kizima, ndilo lililomwingia Galen. Akachukua bisibisi.

Hapa nieleze kidogo. Ubavuni mwa kila mashine kuna mishale miwili midogo. Mashine ikiwa kazini, mshale mmoja unaufuata mwingine polepole, na hapo hesabu inakwisha: mwendo wa ndege, upepo, kimo, vyote vimeingia humo. Mishale ikikutana, kilimi cha shaba kinagusa kilimi chenzake ndani, umeme unapita, mabomu yanaondoka. Hakuna mkono wa mtu unaobonyeza chochote. Galen alikichomoa kilimi hicho, kitu kidogo kuliko punje ya hindi, akakiweka juu ya fuawe, akampa Erwin nyundo. Erwin alikataa. Akasema kilimi ni cha Galen na nyundo ni ya Galen. Basi Galen akagonga mwenyewe mpaka kikawa kama gamba la samaki. Akaahidi kwamba kila mashine itakayoingia banda lile itatolewa kilimi siku hiyo hiyo. Jumapili akapokea mkate.

Ahadi aliishika zaidi ya miaka arobaini. Erwin alizikwa, mashemasi wengine wakaja, wala hakuna aliyekwenda kukagua. Lakini kila Galen aliponunua sanduku jipya, Velda alisikia nyundo kabla ya chakula cha jioni.

Sasa miguu ikaanza kumkataa. Nyonga moja ilibadilishwa, ya pili ikafuata, na daktari akasema ngazi za nyumba ile ziwe mwisho. Walipata chumba na sebule katika nyumba ya wazee mjini, pale ninapofanya kazi jikoni, pazuri, ila ni pa kuweka kitanda, viti viwili na cherehani ya Velda tu. Shamba alilinunua mpwa wao Lyle, kijana mwema, ambaye alihitaji kiwanja cha banda kwa ajili ya ghala la nafaka kabla ya mavuno. Hakumfukuza mtu. Lakini mavuno hayamsubiri mtu pia, na mashine kumi na nne hazikuwa na pa kwenda. Galen alizunguka nazo kichwani majira yote ya baridi. Alikuwa akila kama mtu anayesikiliza kitu chumba cha pili.

Hapo ndipo alipokuja Lamar Tolliver kutoka Tucson, Arizona. Alikuwa fundi wa vyombo vya ndege jeshini, na baada ya kustaafu alijenga ukumbi wa mashine za namna hii, watu wanalipa kiingilio kuziona. Yeye na Galen walijuana kwa simu tangu zamani, wakipeana gia na beringi kama majirani wanavyopeana chumvi, ila hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Alikuja mwezi wa tatu akivuta trela lenye springi laini, tayari kuzichukua zote.

Velda alimpikia supu ya kabichi na mikate ya zwibak, ile midogo inayokaa mmoja juu ya kichwa cha mwenzake. Tolliver alikula akatania kwamba amekuja kumtolea wake wenza wote kwa siku moja.

"Wachukue," Velda akamwambia. "Na bwana mwenyewe ukimtaka mchukue, ila anakoroma."

"Mama, mimi nakusanya vinavyofanya kazi tu."

"Basi mwache."

Tuliwasindikiza bandani, maana Velda alitaka kuona uso wa mgeni. Kweli ulikuwa wa kuonwa. Tolliver alivua kofia yake kubwa mlangoni, akaishika kifuani. Wana adabu zao watu hawa: hawagusi mashine ya mwenzao bila ruhusa, na cha kwanza wanainamia kunusa oili. Alinusa moja baada ya nyingine, akawa anatikisa kichwa. Alisema ameona ukumbi wa serikali usio na hata nusu ya hizi.

Kisha akatoa taa yake ndogo. Wakusanyaji huifunga pale ulipokuwa unakwenda waya wa mabomu, ili mishale ikikutana taa iwake, ujue hesabu imefika. Galen akamwachia afunge. Akawasha ya kwanza, ile ya kuku. Mota ikavuma, mshale ukaanza safari. Tolliver alipiga magoti kwenye vumbi, kidole juu, kama mtoto anayesubiri kengele ya shule. Mishale ikakutana. Taa haikuwaka.

Akabadilisha taa. Ikarudiwa, kimya. Akahamia ya pili, kimya. Ya tatu, hivyo hivyo. Alipofika ya nne aligeuka akamtazama Galen, naye Galen alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe.

"Galen. Umewahasi?"

"Ndiyo."

"Wote?"

"Hata yule mdogo."

Tolliver alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Galen akamweleza habari ya Erwin na fuawe, yote, wala hakujitetea. Hakuwa amemficha. Kwa miaka yote walipozungumza simu waliongea juu ya walivyo navyo, hakuna aliyeuliza juu ya kilichopungua. Mgeni alisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu aliyefika arusini akakuta msiba.

Alisema ukumbi wake una sharti moja, nalo amelishika tangu afungue: kila kinachoingia kinafanya kazi yake yote mbele ya watu, mwanzo hadi mwisho. Kisichofanya anakinunua kama kipuri tu, anakifungua, gia zake zinaponya vingine. Lakini akamwonyesha Galen mashine ya kukereza iliyokuwa kwenye kona. Vilimi kumi na vinne, akasema, kwa mikono kama ile ni kazi ya siku chache. Atarudi baada ya Pasaka. Akikuta taa zinawaka, atazichukua zote na kuziweka ukumbi wa mbele, na jina la Galen juu yake. Zisipowaka, atatoa spana azifungue.

Akaondoka na trela tupu. Lilikuwa likigonga gonga barabarani, nasi tulilisikia mpaka njia panda.

Siku zile Galen alikuwa akienda bandani anakaa tu. Velda alivumilia, halafu mchana mmoja mezani, nikiwepo, akamwambia tengeneza hivyo vilimi, mzee, yaishe. Mimi nilishangaa, maana nilijua alivyowatania wenza wake nusu karne. Baadaye aliniambia, "Nimezoea kuwasikia, dada. Sitaki kusikia wanakatwa katwa."

Galen alijibu kwamba aliahidi.

"Ulimwahidi Erwin. Erwin yuko makaburini tangu lini? Nani atakuja kukuuliza?"

"Ndiyo shida yenyewe," Galen akasema. "Angekuwa hai ningekwenda kumwomba anifungue. Ahadi uliyompa marehemu huna pa kuirudisha."

Velda akasukuma sahani yake. Hakuna aliyemaliza kula siku hiyo, nami nilikwenda kwangu nikawaombea.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya mashemasi kupita. Aliyekuja kwetu alikuwa Janelle Krehbiel, mjukuu wa Erwin, anafundisha hesabu shule ya sekondari ya mji. Kwa kuwa uani mlikuwa na nyumba mbili, alituita sote jikoni kwa Velda, akapunguza safari. Tukanywa kahawa. Aliniuliza mimi kwanza, nikajibu langu. Akamuuliza Velda, naye akajibu lake. Akamuuliza Galen kama ana amani na Mungu na jirani yake.

"Sina," Galen akasema.

Janelle aliweka kikombe chini. Galen akamsimulia kama nilivyowasimulia ninyi. Janelle akasema kwamba kwao hadithi ile waliijua nusu tu: babu alikwenda kwa Galen Unruh siku moja, akarudi, hakusema neno mpaka kesho yake. Akaomba kuonyeshwa banda.

Nilimwona Galen akinyanyuka kwa fimbo yake, na njiani alikuwa kama mtu anayepelekwa kusomewa hukumu. Lakini akishawasha mashine hawezi kuhuzunika sana, hajui namna. Alimfungulia Janelle kifuniko, akamwonyesha gololi na sahani. Janelle aliinama. Akauliza swali, akauliza la pili, akauliza mpaka mimi na Velda tukatafuta pa kukaa. Alisema hesabu ile, ya kujumlisha vitu vinavyobadilika kila mara, ameichora ubaoni miaka kumi na minane, na wanafunzi wanaikariri kama majina ya wafalme wa Israeli, bila kuiona. Na hii hapa inatembea. Alitaka gololi isogezwe tena, taratibu.

Kisha mishale ikakutana, kimya, na akakumbuka kilichomleta.

Galen alizima mota. Akasema, "Wewe ni damu yake, na ni shemasi. Unaweza kunifungua?"

Janelle alizunguka kidogo mle ndani, akagusa fuawe kwa vidole. Alivyorudi alisimama mbele ya Galen, na naona alikuwa anaogopa, maana shingo yake ilikuwa nyekundu.

"Naweza," akasema. "Kanisa limenipa kazi hiyo. Galen, ile ahadi uliyompa babu yangu, nimekufungua. Ukitengeneza, umetengeneza kwa amani. Usipotengeneza, iwe ni wewe umeamua, asiwe yeye. Usimbebe tena."

Tukaomba pale pale, tumesimama katikati ya vyuma. Velda alilia, nami kidogo.

Kesho yake asubuhi tulisikia mashine ya kukereza. Mimi nilimshukuru Mungu, nikasema basi, mambo yamekwisha, zitakwenda Arizona. Velda ndiye aliyekuwa karibu. Alikuwa anatoka kuokota mayai, akapita mlango wa banda akamkuta Galen amekwisha kukipachika kilimi cha kwanza kwenye ile mashine ya kuku. Shaba mpya, inang'aa. Aliiwasha. Mishale ikasogea, ikakutana, ndani pakasema tak, taa ikawaka. Galen akarudia. Tak. Akarudia tena, halafu akazima, akakaa.

"Imekubali?" Velda akamuuliza.

"Imekubali."

"Mbona uso huo sasa?"

Galen aliitazama taa. "Nilidhani Erwin ndiye aliyenishika mkono miaka yote hii," akasema. "Kumbe mwenzangu alishaniachia siku nyingi."

Velda aliniambia alisimama na kikapu cha mayai asijue acheke au afanye nini. Nimeona mbuzi namna hiyo: unamfungua kamba, naye anabaki pale pale anakula majani yale yale, kwa sababu ndiyo anayoyapenda. Galen alichukua bisibisi, akakichomoa kilimi kipya, akakigonga. Safari hii hakukuwa na shemasi wala ahadi, ni mke wake tu na mayai. Kisha akaenda ndani, akampigia Tolliver simu, akamwambia aje na spana.

Nasikia huko upande wa pili Tolliver alimwita kichwa kigumu cha Kijerumani na majina mengine mawili. Akakubali kuja. Galen alikata simu akaenda kulala mchana, jambo asilolifanya. Msidhani halikumuuma. Alikuwa ameamua, na bado lilimuuma, kama mtu aliyechinja ng'ombe wake mwenyewe.

Siku ya Meza ya Bwana aliketi benchi la mbele kwa sababu ya miguu. Tunaoshana miguu siku hiyo, wanaume upande wao na wanawake upande wetu, na Lyle mpwa wake ndiye aliyepiga magoti na beseni mbele yake. Sauti ya besi ilisikika vizuri. Nilipomwangalia niliona amani, na huzuni imekaa pembeni yake bila kugombana nayo.

Tulipotoka nje Janelle alimfuata Velda kwenye maegesho. Aliuliza mashine zinaondoka lini kwenda Arizona, maana alitaka kuleta wanafunzi waione ile gololi kabla haijachelewa. Velda akamwambia haziendi Arizona, zinakwenda kufunguliwa vipuri, na sababu yake. Janelle alibaki na ufunguo wa gari mkononi. Shuleni kwao, akasema, kuna karakana ya zamani ya useremala, imefungwa tangu fundi wa mwisho alipostaafu, ina meza nzito na soketi za umeme kila ukuta. Alikuwa hajasema kitu kwa sababu alijua zimeshapata mahali bora kuliko pake.

Kulikuwa na mkuu wa shule, Bwana Renfro. Huyu si wa kanisa letu, na alisikia maneno mawili tu, mabomu na shule, akasema hapana. Siwezi kumlaumu. Shule siku hizi mtoto akija na kisu cha kukatia tofaa anarudishwa nyumbani. Alimwambia Janelle kwamba silaha au sehemu ya silaha haivuki lango lile, iwe ya babu wa nani. Janelle akamwomba jambo moja, aje aone kwanza.

Alikuja Jumanne na tai yake, akasimama mbali kama vile zingelipuka. Alikuwa na swali moja, akaliuliza akiwa mlangoni: je, vitu hivi vinaweza kuangusha bomu?

Galen akafunga taa ya Tolliver, ile mgeni aliyoisahau. Akawasha mashine. Bwana Renfro akaona mishale inakutana na taa haiwaki. Akaonyeshwa ya pili, na ya tatu, mpaka zikaisha zote. Akaonyeshwa ndani mahali palipokuwa na kilimi, tundu mbili za skrubu hazina kitu. Alivaa miwani akachungulia kila moja, kwa sababu ni mtu makini.

"Na ingekuwa na hicho kipande?"

"Ingekuwa nacho ungekuwa na haki ya kunikatalia," Galen akasema.

Bwana Renfro alikunja miwani yake. Alisema atataka karatasi ya fundi umeme na kufuli kwenye mlango wa karakana. Velda akauliza kama hiyo ni ndiyo au ni hapana, maana ana mkate tanurini. Akasema ni ndiyo.

Basi lililobaki lilikuwa usafiri, kwa sababu mashine hizi hazipandi gari la ngano, zitatikisika mpaka akili iziishe. Galen alimpigia Tolliver kumwambia asijisumbue na spana. Safari hii sikuambiwa walisema nini. Ila Ijumaa niliona trela lile lenye springi laini linaingia uani, na kofia kubwa nyuma ya usukani.

"Sijakubaliana nawe," Tolliver alimwambia Galen kabla hata ya salamu. "Nimekuja kwa ajili ya mashine."

"Karibu supu."

"Supu nitakula. Lakini sijakubali."

Alizifunga moja moja kwa mablanketi aliyokuja nayo, akakataa msaada wa Lyle na vijana wake, akasema wao wamezoea kubeba marobota ya majani. Akaendesha mpaka mjini taratibu kiasi kwamba trekta lilitupita. Alikaa siku nyingine nzima akazisawazisha juu ya meza kwa pima maji, huku akinung'unika kwamba ni aibu, ni aibu kubwa, na kuzipangusa kwa leso yake mwenyewe.

Galen na Velda wamehamia mjini sasa, na kutoka nyumba ya wazee mpaka shule ni mwendo wa fimbo. Anakwenda Jumatano. Siku ya kwanza nilimsindikiza, kwa sababu Velda alikuwa na kikao cha kushona. Karakana ilijaa vijana wenye simu mifukoni. Galen hakuhutubu. Alifungua kifuniko, akaonyesha gololi, Janelle akaandika hesabu ubaoni upande wa pili, na nikaona vichwa vinageuka, ubaoni, kwenye sahani, ubaoni, kwenye sahani. Akawaambia bila kuficha chombo hiki kilikuwa cha nini. Akawasha.

Mbele alikaa binti mmoja mwenye nywele fupi, Marisol, mtoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha kuku. Aliusogelea ule mshale mpaka pua ikakaribia chuma. Mishale ikakutana. Mota ikaendelea kuvuma. Akangoja, akainua macho.

"Halafu?"

"Halafu basi," Galen akasema. "Huko chini watu wanaendelea kula."

Binti alifikiri kidogo, akarudisha mshale mwanzo kwa kidole chake.

"Rudia," akasema.